Kabla Hujakata King'amuzi, Hesabu Saa

Ushauri wa kuachana na king'amuzi na kuhamia mtandaoni ili kuokoa pesa umeenea Dar es Salaam na Nairobi kana kwamba umeshathibitishwa. Kwa baadhi ya nyumba ni kweli kabisa. Kwa nyumba nyingi zaidi, zile zinazoishi kwa bando la simu, ni ushauri wa kutoka kwenye gharama ndogo na kuingia kwenye gharama kubwa. Hasara yenyewe haionekani upesi kwa sababu hulipwa kidogokidogo: elfu mbili leo, elfu moja kesho, tatu Jumamosi.

Tatizo linaanzia kwenye kipimo. King'amuzi unakilipia kwa mwezi. Ukishalipa kifurushi, runinga ikiwaka saa 2 kwa siku au saa 14, gharama ni ileile. Satelaiti inarusha mawimbi mara moja, na dishi la Mbagala, la Kigoma na la Lamu yote yanachota kwenye mawimbi hayohayo. Mtazamaji wa ziada hamwongezei mrushaji gharama yoyote. Kwenye intaneti kila skrini inatumiwa nakala yake peke yake, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu mwenye bando anailipia nakala hiyo kwa megabaiti. Kwa hiyo anayehama kutoka king'amuzi kwenda bando anahama kutoka bei ya mwezi kwenda bei ya saa, na asipojua runinga yake inawaka saa ngapi, hajui bado anachokinunua.

Ushauri wenyewe ulizaliwa Marekani, na huko ulikuwa na mantiki. Kebo ya runinga ilikuwa bili nzito yenye ada za ziada na mara nyingi mkataba wa mwaka mzima au zaidi, na nyumba iliyoikata kwa kawaida tayari ilikuwa na intaneti ya kulipia kwa mwezi. Kuongeza huduma ya dola chache juu ya intaneti iliyokwisha kulipiwa kulikuwa nafuu ya wazi. Hata huko nafuu imepungua: YouTube TV, inayotoa chaneli za moja kwa moja kwa intaneti, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi, na mwaka 2025 ilifika dola 82.99. Kwetu hali ni tofauti kwa pande zote mbili. King'amuzi hakina mkataba, unalipa ukiwa nacho na unaacha ukikosa, na intaneti ya nyumbani isiyohesabu GB bado haijafika kwenye nyumba nyingi.

Tuingie kwenye hesabu. Kanuni ya kukumbuka ni moja: video inayokwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (Mbps 1) hula MB 450 kwa saa. Zidisha tu. Video ya Mbps 3 inakula GB 1.35 kwa saa, na ya Mbps 5 inakula GB 2.25. Netflix wenyewe hueleza kwamba ubora wa chini unatumia hadi GB 0.3 kwa saa, ubora wa kati hadi GB 0.7, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Kwa bei ya data tuchukue shilingi 2 ya Tanzania kwa MB. Iko karibu sana na shilingi 2.03, kiwango cha chini ambacho TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilikiweka kwa vifurushi mwaka 2021, kwa hiyo hatumwonei mtu kwa kumkisia bei ya juu.

Nyumba ya kawaida yenye watoto na watu wazima huwasha runinga saa 4 kwa siku bila kujisukuma. Hizo ni saa 120 kwa mwezi. Kwa ubora wa kati, GB 84, sawa na shilingi 168,000. Kwa HD ni GB 360, sawa na shilingi 720,000. Ukijibana hadi ubora wa chini kabisa, ule ambao kwenye skrini ya inchi 43 sura za watu zinakuwa kama zimechorwa kwa vidole, bado ni GB 36 na shilingi 72,000. Na hapo hatujaongeza ada ya huduma yenyewe.

Sasa weka kando hizo tarakimu uangalie mahali pande mbili zinapokutana. Tuseme kifurushi chako cha king'amuzi ni shilingi 30,000. Saa moja ya ubora wa kati kwa bando ni shilingi 1,400. Ukigawa, unapata saa 21 na dakika kadhaa kwa mwezi, yaani kama dakika 43 kwa siku. Mtu anayetazama chini ya hapo, tuseme kijana anayeishi peke yake Sinza, anayerudi saa 3 usiku na kutazama sehemu moja ya tamthilia kabla ya kulala, anaweza kukata king'amuzi leo na akabaki na pesa. Anayetazama zaidi ya hapo kwa bando la kawaida anapoteza. Badilisha bei ya kifurushi chako na bei ya bando lako, kanuni inabaki ileile: gawa bei ya kifurushi kwa gharama ya saa moja ya data, halafu jiulize kwa ukweli kama unatazama chini ya saa hizo.

Swali hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mtu hukumbuka anachokitazama yeye na kusahau kinachotazamwa asipokuwepo. Mwenye nyumba anakumbuka mechi mbili za wikendi na taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Hakumbuki katuni za tangu saa 12 asubuhi siku za likizo, wala tamthilia ya mchana, wala runinga inayowaka sebuleni huku watu wote wako jikoni. Kwenye king'amuzi saa hizo ni za bure. Kwenye bando ndizo zinazomaliza pesa, na watoto ndio wateja wakubwa kuliko wote: YouTube ikishaanza katuni moja inaleta nyingine yenyewe, na hakuna mtoto wa miaka 5 atakayeizima.

Kwa hiyo, kabla ya uamuzi wowote, pima wiki mbili. Karatasi moja ukutani karibu na runinga, safu tatu: vya moja kwa moja (mpira na habari), tamthilia na filamu, katuni. Kila anayewasha anaandika saa ya kuwasha na ya kuzima. Chukua wiki moja ya shule na moja ya likizo kama inawezekana, maana tofauti yake ni kubwa. Ukimaliza utajua saa zako, na utajua pia ni safu ipi inayobeba mzigo. Safu hiyo ndiyo itakayokuamulia.

Mambo yanageuka kabisa pale faiba inapofika mlangoni. Nairobi, Safaricom imekuwa ikiuza faiba ya nyumbani ya Mbps 15 kwa shilingi 2,999 za Kenya kwa mwezi na ya Mbps 30 kwa shilingi 4,100. Familia iliyokwisha kuilipia kwa ajili ya kazi na masomo inapata runinga ya intaneti bila kuongeza hata senti ya data. Kwa familia hiyo king'amuzi ni bili ya pili inayolipia karibu kitu kilekile, na hapo kukata ni busara. Lakini familia isiyo na faiba, inayolipa shilingi 1,500 za king'amuzi na inayotaka kuvuta faiba kwa sababu ya runinga peke yake, itakuwa imepandisha gharama mara mbili kabla haijalipia huduma hata moja ya kutazama. Faiba inunuliwe kwa sababu nyumba inahitaji intaneti. Runinga iwe faida ya juu yake.

Mbps 15 zinatosha? Netflix inapendekeza Mbps 3 kwa ubora wa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Skrini tatu za 1080p kwa wakati mmoja zinamaliza Mbps 15 zote, na aliye kwenye mkutano wa video chumbani atakatika sauti. Ukizishusha hadi 720p zinachukua 9 na kuacha 6 kwa kazi nyingine. Kwenye runinga ya inchi 32 wengi hawataona tofauti. Soma pia maandishi madogo ya kifurushi: intaneti nyingi zinazoitwa "bila kikomo" zina kiwango cha matumizi, na ukikivuka kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Saa 120 za 1080p kwa Mbps 5 ni GB 270. Linganisha na kiwango chako kabla ya kutia sahihi. Onyo hilohilo ni la rauta za 4G na 5G za nyumbani, ambazo zaidi ya hapo hupungua kasi jioni mnara unapojaa watu, saa zilezile nyumba yako nayo inapotaka kutazama.

Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, imebadilisha hesabu vijijini, ila si kwa kila kifurushi. Kile cha GB 50 kilichouzwa shilingi 1,300 za Kenya kinaonekana rahisi mno mpaka ukigawe: kwa GB 0.7 kwa saa unapata saa 71, kama saa 2 na dakika 20 kwa siku, na simu za watu wote wa nyumba zikiwa zimezimwa data. Kwa HD ya GB 3 unapata saa 16 tu kwa mwezi mzima. Na mwezi Novemba 2024 kampuni iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wa mtandao ulikuwa umejaa, kwa hiyo hata satelaiti ina foleni yake.

Baada ya pesa kuna suala la haki za matangazo, na hapa ndipo wapenzi wa mpira hudanganyika. Hakuna huduma moja yenye kila kitu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya Uingereza kwa upande wetu wa Afrika iko SuperSport, ndani ya DStv. Netflix haina hata moja kati ya hizo. Aliyekata king'amuzi akanunua Netflix akitarajia kuona Simba na Yanga amenunua kitu kingine. Njia halali ya mtandaoni kwa ligi yetu ni programu ya AzamTV Max, na kwa wateja wa DStv ni DStv Stream, ambayo Machi 2022 iliwekewa kikomo cha kifaa kimoja tu kutazama kwa wakati mmoja. Zote mbili zinakula data juu ya ada.

Timu moja katika ligi yenye timu 16 hucheza mechi 30 kwa msimu, wastani wa mechi 3 kwa mwezi. Mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza ni karibu saa 2. Kwa Mbps 3 ni GB 2.7, sawa na shilingi 5,400 kwa bei yetu ya mfano, yaani kama shilingi 16,000 kwa mwezi kwa mtu wa timu moja asiyetazama kingine chochote. Kibanda umiza mara nyingi ni shilingi 500 au 1,000 kwa mechi. Kwa mtu huyo, na ninasema hivi kwa dhati, kibanda umiza ni rahisi kuliko vyote viwili.

Kuna na suala la kuchelewa, ambalo halihusu pesa lakini linaharibu raha ya jioni nzima. Matangazo ya mtandaoni hukatwa vipande vidogo vya sekunde kadhaa, mara nyingi 6, na programu hungoja mpaka iwe na vipande kama vitatu mkononi ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Ongeza muda wa kuandaa na kusafirisha, unakuwa nyuma ya dishi la jirani kwa sekunde 20 hadi 45. Siku ya watani wa jadi utasikia mtaa mzima unalipuka wakati kwenye skrini yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Hakuna mpangilio wa kuondoa hilo. Kuongeza kasi ya intaneti hakusaidii, kwa kuwa ucheleweshaji umewekwa makusudi na programu yenyewe.

Upande wa uhakika wa huduma, kila njia ina adui wake. Dishi linaiogopa mvua: mawimbi ya bendi ya Ku, yale ya kati ya GHz 10.7 na 12.75, hufyonzwa na matone mazito, na mvua za masika zikipiga picha hupotea kwa dakika kadhaa kisha hurudi. Intaneti ina adui wa mbali zaidi. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Nyumba iliyokuwa na antena ya shilingi chache juu ya paa iliendelea kupata chaneli za ndani siku zote hizo.

Antena hiyo ndiyo kitu ninachowahimiza watu wasikipite, na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na Kenya ilifuata mwaka 2015. Tangu hapo chaneli za ndani zisizolipiwa, kama TBC1, ITV, EATV, Star TV na Channel Ten kwa Tanzania, au KBC na Citizen kwa Kenya, zinarushwa kidijitali kutoka minara ya ardhini, na huhitaji dishi kuzipata. Unahitaji antena ya UHF, kebo ya ohm 75 aina ya RG6, na runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, au kisanduku kidogo cha DVB-T2 kisicho na ada. Angalia nyuma ya runinga au kwenye kijitabu chake. Ikiwa imeandikwa DVB-T bila 2, haitapata kitu ukitafuta chaneli, na wengi huishia kuilaumu antena isiyo na kosa.

Iweke juu, nje, ikielekea mnara ambao antena za majirani zinauelekea. Usiifunge nyuma ya bati, maana bati linazuia mawimbi kama ukuta. Kama antena ina kikuzio (kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi) ndani yake, ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli na uwashe umeme wa antena wa volti 5, la sivyo itakuwa kama chuma kitupu. Ukiwa karibu sana na mnara fanya kinyume: ondoa kikuzio, kwa kuwa mawimbi yakizidi kipokezi kinachanganyikiwa na chaneli zinakatikakatika vilevile kama mawimbi yakiwa hafifu. Ukigawa kebo kwa runinga mbili kila upande unabaki na chini ya nusu ya nguvu, kwa hiyo gawa pale tu ambapo mawimbi ni mazito. Kwa wakazi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, zungushia viungo vya nje mpira wa kuzuia maji. Chumvi ya bahari huvila haraka, na kiungo kilichopata kutu ndicho kinachofanya fundi aitwe kila baada ya miezi michache.

Kwamba antena iwe ya peke yake, isitegemee king'amuzi cha kulipia, kuna sababu. Agosti 2018 TCRA iliagiza DStv, Azam na Zuku ziondoe chaneli za ndani zisizolipiwa kwa sababu leseni zao hazikuruhusu, na wateja waliokuwa wakizitegemea huko wakazikosa kwa muda. Mwenye antena hakuguswa.

Ukishaamua kutazama kwa intaneti, angalia kifaa. Runinga janja ya kampuni inayojulikana mara nyingi inatosha. Kama runinga si janja, stiki ya HDMI yenye cheti cha Netflix na Google ni bora kuliko kisanduku cha Android cha mitaani, kwa sababu ya kinga ya hakimiliki iitwayo Widevine. Vifaa visivyo na daraja lake la juu, L1, vinabaki na ubora wa chini wa 480p kwenye Netflix, hata kama sanduku limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Chomeka stiki kwenye adapta yake, usiichomeke kwenye tundu la USB la runinga. Tundu hilo mara nyingi hutoa nusu ampea, stiki inahitaji zaidi, na matokeo yake inajizima na kujiwasha katikati ya filamu. Kama rauta iko chumba kingine nyuma ya ukuta wa zege, mawimbi ya GHz 5 hayatapita vizuri. Tumia ya 2.4, au vuta waya wa mtandao ambao utamaliza ugomvi wote.

Kisha shusha ubora kabla ya kuanza kutazama. Kwenye Netflix mpangilio wa matumizi ya data uko ndani ya wasifu, kila wasifu na wake, kwa hiyo ukishusha wako, ule wa watoto unabaki juu. Badiliko linaweza kuchukua hadi saa 8 kuanza kufanya kazi, na watu wengi hudhani limekataa wakaliondoa. Kwenye YouTube ya simu chagua kiokoa data. Kwenye YouTube ya runinga itabidi uangalie ubora wa video yenyewe unayotazama. Wenye mabando ya usiku wanaweza kupakua sehemu za tamthilia kwenye simu wakati data ni rahisi, ila wajue mapema kwamba zilizopakuliwa hubaki ndani ya programu na huisha muda wake, na kwamba simu nyingi za bei ya kati haziwezi kutoa picha kwenda runinga kwa waya wa USB-C, hata ukinunua adapta ya HDMI iliyo ghali.

Malipo nayo yana gharama yake. Huduma za nje hutaka kadi, na waliozoea pesa za simu hutumia kadi ya mtandaoni, mfano M-Pesa GlobalPay kwa Kenya. Pale bei inapotajwa kwa dola, utakatwa kwa kiwango cha siku hiyo pamoja na makato ya kubadilisha fedha, na kodi ya VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, inaweza kuwa ndani ya bei au juu yake. Wazo la kuchangia akaunti moja na kaka aliye mji mwingine limebanwa: tangu 2023 Netflix inataka akaunti itumike na watu wa nyumba moja.

Kuhusu visanduku vya magendo vinavyouzwa kwa ahadi ya chaneli elfu kadhaa kwa malipo ya mwaka, ushauri wangu ni kutonunua, na sababu ni za kivitendo kabisa. Seva zake hufungwa bila taarifa, kwa kawaida siku ya mechi kubwa, na malipo ya mwaka huwa yameshakwenda kwa mtu asiye na ofisi wala risiti. Bado vinakula data kama huduma nyingine yoyote, kwa hiyo hesabu ya bando haiepukiki. Na mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya juu ya BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye vifaa vya Android vya bei ya chini zaidi ya milioni moja, vingine vikiwa vimewekewa kabla hata ya kununuliwa. Kifaa kama hicho kinakaa kwenye waifai moja na simu unayofanyia miamala ya benki.

Kwa nyumba nyingi akiba kubwa kuliko zote haipo mtandaoni. Ipo kwenye uhuru ambao Mmarekani wa kebo hakuwa nao: kutolipa mwezi usiohitaji. Ligi ya Uingereza huanza Agosti na kuisha Mei. Anayelipia kifurushi kikubwa kwa sababu ya ligi hiyo, kisha akaendelea kukilipia Juni na Julai kwa mazoea, anatupa miezi 2 kati ya 12, karibu 17% ya gharama ya mwaka. Karatasi yako ya wiki mbili ikionyesha safu nzito ni ya mpira, lipia miezi ya msimu, shuka kifurushi cha chini au acha kabisa miezi mingine, na antena ibebe habari. Ikionyesha ni tamthilia na una faiba, king'amuzi kinaweza kupumzika mwaka mzima. Ikionyesha ni katuni na hakuna faiba, kifurushi cha chini kabisa cha king'amuzi kitakushindia bando lolote utakalolinganisha nalo.

Ukikipumzisha, usiuze dishi wala usiling'oe. Kulirudisha ni fundi, kebo na siku nzima, na kulielekeza upya, nyuzi 36 mashariki kwa DStv au 7 mashariki kwa Azam, si kazi ya kubahatisha. Liache limekazwa, funika viungo, na king'amuzi kichomekwe mara moja kwa mwezi kwa saa moja ili kipokee masasisho. Siku ya kurudi, washa kwanza, weka kwenye chaneli ya kawaida, subiri mawimbi yatulie, ndipo ulipe. Kwenye DStv, namba ya hitilafu E16 ni suala la malipo na hutoka ukituma ombi la kufuta hitilafu huku king'amuzi kikiwa kimewashwa, wakati E48 ni mawimbi, kwa hiyo kagua kebo, LNB (kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) na dishi kabla ya kumpigia mtu simu. Fanya hayo asubuhi, saa kadhaa kabla ya mechi, kwa sababu robo saa kabla ya mpira kuanza maelfu ya watu wanafanya jambo hilohilo na ombi lako litakaa kwenye foleni.